Nilikubali Petroli Nyuma ya Ukuta Wetu kwa Sababu ya Kuria

Shangazi Wamucii mpendwa,

Nakusalimu, na ninaomba unisaidie upesi, maana mimi ni mtu ambaye nimesoma safu yako miaka mingi nikiwacheka wenzangu na kusema huyu naye alitarajia nini, na sasa nimekaa mezani na kalamu na sioni cha kucheka, kuna Jumamosi inakuja na mimi naitazama kama mgonjwa anavyotazama sindano, na mtu wa kumweleza sina kwa sababu mtu ambaye huwa namweleza mambo yangu yote ni mke wangu, na yeye ndiye niliyemkosea.

Tunaishi karibu na Woodley, ukitoka barabara ya Ngong unaingia ndani kidogo, zile nyumba za zamani zenye ua mkubwa. Nilistaafu mwaka jana kutoka ofisi moja ya serikali huko mjini ambako nilikuwa na mlango wenye jina langu na watu waliokuwa wakisimama nikipita. Mke wangu Nzisa hajastaafu. Yeye anaendesha chekechea hapo nyuma ya nyumba, wazazi wanaleta watoto asubuhi wakikimbilia kazini, na ikifika saa mbili ua mzima ni kelele na uji, na mimi nimekuwa mtu wa kufungua lango na kuulizwa, "Teacher yuko?" Kuna mama mmoja mgeni alinikabidhi mkoba wa mtoto akasema, "Soja, nishikie hii," nami nikaushika kama mlinzi wa kuajiriwa, Shangazi.

Sasa nyuma ya ukuta wetu kuna kiwanja kilichokaa na migomba na magari mabovu tangu tuhamie hapa. Kiliuzwa, kikafyekwa, na siku moja tukaona bango kubwa limesimamishwa kwamba hapo patajengwa kituo cha mafuta na mahali pa kuoshea magari. Mtaa uligawanyika siku hiyo hiyo. Vijana wa bodaboda wakafurahi, wenye magari wengine wakasema ni afadhali kuliko kupanga foleni barabarani, lakini wengi wetu tukashtuka, matangi ya petroli chini ya ardhi, moshi, malori ya mafuta kwenye kibarabara chetu, na watoto wa Nzisa wanacheza hatua chache tu kutoka ukutani. Wazazi walianza kumwambia waziwazi kwamba hiyo kitu ikijengwa watahamisha watoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusimama pale ukumbi wa kanisa na kusema haitajengwa nikiwa hai, watu wakapiga makofi, na Nzisa akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani.

Kisha wakachagua kamati. Nzisa akawa katibu, sikushangaa, ana mwandiko mzuri na hana mchezo. Mwenyekiti wakamchagua Kuria.

Huyu Kuria alihamia mtaani mwaka juzi, alifiwa na mkewe, ni mpima ardhi, anajua sheria zote za viwanja, ni mrefu, ana sauti ya mtangazaji wa redio, na nitakuambia ukweli kwa sababu hunijui sura, nina wivu naye. Ilianza kidogo kidogo. Nikimuuliza Nzisa bei ya nyanya ananijibu kwamba Kuria amesema pingamizi letu lina siku zake za mwisho. Simu ikilia anatoka nje kuongea, ati ndani mtandao ni mbaya, na mtandao wa nyumba hii haujawahi kuwa mbaya tangu simu zije Kenya. Anamwita "Chair," naye anamwita "Madam Secretary," na wote wawili wanacheka, na mimi nimekaa pale nikiuliza kinachochekesha ni nini katika cheo cha mtu.

Halafu ikaja ile ya muthokoi. Mimi ni Mkamba, Shangazi, nililelewa kwa muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na mwaka mzima nimekuwa nikiambiwa muthokoi unakula makaa na mtungi wa gesi nao ni bei, Baba Muindi, kula wali. Sawa, nikala wali. Siku kamati ilipokutana kwetu nikaingia jikoni nikakuta sufuria kubwa, muthokoi na mbaazi, umeiva, unanukia hadi nje, na Kuria wa watu akala sahani mbili akasema, "Madam Secretary, hii sasa ndio chakula, sisi watu wa Kiambu tumekuwa tukidanganywa." Ni kweli nilipewa sahani pia. Niliila nikihesabu vijiko vya Kuria.

Wiki iliyofuata wakaenda mjini, yeye na Kuria na mama mmoja wa kamati, kupeleka pingamizi la wakazi, na yule mama akarudi mapema kwa sababu ya mtoto wake mgonjwa, kwa hivyo wakabaki wawili. Nzisa alirudi jioni amechangamka, nikamuuliza walikula wapi.

"Hoteli fulani hapo karibu na City Market."

"Mkala nini?"

"Chapati na maharagwe. Kwani ni kesi, Baba Muindi?"

Nikasema si kesi. Lakini ile chapati nilikaa nayo rohoni siku nyingi.

Kilichonimaliza ni mkutano uliofuata. Nilisimama nikatoa wazo langu, nilikuwa nimelifikiria vizuri kabisa, kwamba kama watajenga basi tudai kwanza ukuta mrefu na matangi yawekwe upande wa barabara, na Kuria akanisikiliza na tabasamu akasema, "Asante sana mzee wetu, hiyo tutaiangalia baadaye." Mzee wetu! Huyo mtu ananifuata kwa miaka michache tu, mvi zake anazipaka rangi, kila mtu anajua. Na Nzisa hakuinua hata kichwa, alikuwa akiandika maneno ya Kuria.

Kesho yake alasiri lango likagongwa. Alikuwa ni Were, yule mtu wa kampuni inayotaka kujenga, ambaye kazi yake ni kuzungumza na wakazi, pamoja na msichana mmoja wa wale wataalamu wa mazingira wanaoandika ripoti ya mradi. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maoni, na walianza na sisi kwa sababu wanavyofanya kazi ni kwamba jirani wa ukuta, yaani yule anayepakana na kiwanja kabisa, neno lake lina uzito kuliko la mtu wa mbali. Were akaniuliza mama yuko. Nikasema yuko kwa Kuria, kamati ilikuwa ikikutana huko siku hiyo, na Shangazi, nilipojisikia nikitamka hayo maneno kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mwanamume mwingine, mke wangu yuko kwa Kuria, kitu kilinipanda kutoka miguuni.

"Basi tuongee na wewe tu," Were akasema. "Nyinyi kama jirani wa ukuta mnaonaje hii project?"

Nikamwambia, "Sisi hatuna shida. Jengeni."

Yule msichana akanitazama. "Lakini baba, si mko na watoto hapa nyuma? Mama amekubali?"

"Kwa hii nyumba mimi ndio nasema."

Wakaenda zao. Nilijisikia vizuri, sitakudanganya, nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa dawati lake. Nilitamani Kuria angekuwa pale mlangoni nione uso wake.

Raha hiyo haikufika mbali. Kwenye mkutano uliofuata Were alialikwa aje ajibu maswali, na watu walipomkalia kooni akasema, "Wazee na akina mama, msiseme wote mnapinga. Hata jirani wa ukuta amesema hana shida." Ukumbi ulilipuka. Wakamwambia ataje jina, akakataa, akasema majina yatasomwa kwenye kikao kikubwa cha maoni ya wananchi, hiyo Jumamosi ninayokuambia, kabla ya hapo haruhusiwi.

Sasa majirani wa ukuta ni wawili tu. Kuna sisi, na kuna Mzee Zachariah upande wa pili wa kiwanja, mzee wa watu anayefuga kuku na kuimba besi kanisani. Hakuna aliyenitazama mimi. Mimi ni mume wa katibu, mimi ndiye niliyesema haitajengwa nikiwa hai. Wote wakamgeukia Mzee Zachariah, na kwa bahati mbaya mwezi huo huo mwanawe alikuwa amemwekea lango jipya la chuma, jeusi, lenye maua juu, basi mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Kumbe hiyo gate ni ya petroli!" Na Nzisa, mke wangu, ambaye hajawahi kumvunjia mtu mzima heshima, akasimama akamuuliza, "Mzee, watoto wangu wamekula mayai yako hii miaka yote, kweli ukatuuza?"

Mzee akasema tu, "Mimi, Teacher? Mimi?" Akaketi.

Nilikuwa nimeinama nikitazama viatu vyangu. Na unajua nani alisimama kumtetea? Kuria! Akasema tusimhukumu mzee bila ushahidi, tungoje Jumamosi. Wakamzomea hata yeye mwenyekiti wao, lakini hakuketi mpaka wakanyamaza. Nami badala ya kuona haya nikazidi kumchukia, maana maneno hayo yalikuwa yangu mimi kuyasema na yeye amenichukulia hata hayo.

Tangu hapo Mzee Zachariah ametolewa kwenye grupu ya mtaa. Nzisa ananunua mayai dukani. Waliokuwa wakimbeba kwa gari kwenda kanisani wanapita lango lake bila kusimama, naye anatembea na fimbo yake na Biblia. Jumatatu alikuja kwetu wakati Nzisa yuko na watoto, akakataa kuketi, akanishika mkono.

"Baba Muindi, mimi sikuongea na hao watu. Walikuja nikiwa kliniki."

"Najua, mzee," nikasema, na Mungu anajua kwamba nilikuwa najua.

"Mimi wakinisikia hawaamini. Wewe watu hukusikiza. Jumamosi nisemee tu, hata kama ni maneno mawili."

Nikamwambia sawa. Nikamsindikiza hadi langoni kwake, lile jipya.

Na kama hiyo haitoshi, kesho yake Nzisa akaniletea habari amefurahi kwamba kamati imeamua mimi ndiye nitazungumza Jumamosi kwa niaba ya chekechea na majirani wa ukuta. "Kuria alitaka aongee mwenyewe," akasema, "mimi nikamkatalia. Nikawaambia mwenye ukuta ndio anafaa. Wewe umezoea ofisi za serikali, hutababaika." Ameshapeleka koti langu la kijivu kwa dobi. Mimi naona hapo kuna mtego, Shangazi, kwa nini Kuria akubali haraka hivyo kuniachia nafasi, labda ameshaambiwa na Were na anangoja niaibike mbele ya mke wangu ndipo yeye aokote.

Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria kusimama nipinge kwa nguvu nikitumaini Were atasahau jina langu. Nimefikiria kumpigia Were simu nimwombe abadilishe tu, aseme alikosea nyumba. Nikimwambia Nzisa ukweli najua sitamwona tena akinitazama kama siku ile ukumbini, na atakayefaidika ni yule yule. Niambie nifanye nini, na pia niambie kama mtu wa akili, hii habari ya Kuria na mke wangu wewe unaionaje?

Ni mimi,
Baba Muindi, Nairobi.

SHANGAZI WAMUCII ANAJIBU

Baba Muindi, nimebadilisha majina yote, hata la Kuria ambalo ulilikazia kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nimekutoa kwenye foleni ya barua kwa sababu ya hiyo Jumamosi, kwa hivyo wenzako wanaongoja wakinilaumu nitawatuma kwako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokuwa la kwanza moyoni. Kwa yote uliyoniandikia, Kuria amekula muthokoi pamoja na kamati nzima nyumbani kwako na wewe ukiwepo, na amekula chapati mchana kweupe katikati ya mji baada ya shughuli ya mtaa. Kama ungekuwa na jambo zaidi ya hilo ungeniandikia kwa herufi kubwa. Huna. Ulichonacho ni kicheko ambacho hukualikwa, nami najua kinauma. Ulikuwa na mlango wenye jina lako, leo unaitwa soja kwenye ua wako mwenyewe, na wakati huo huo mkeo ana kazi, ana cheo, ana watu wanaomngoja. Wanaume wengi huniandikia wakiwa hapo ulipo, na ninawahurumia. Ningekuhurumia wewe pia mpaka mwisho wa barua kama ungeishia kununa.

Lakini hukuishia kununa. Kuria umemweka katika kila pumzi ya barua hii, na wale watoto wanaocheza kando ya ukuta umewataja ulipokuwa unaeleza habari tu. Huniulizi watakwenda wapi. Huniulizi Nzisa atafanya nini siku wazazi watakapokuja kuchukua mikoba. Msichana mgeni, aliyekuja kwenu siku hiyo moja, aliwakumbuka watoto kabla yako, akakuuliza mama amekubali, nawe ukamjibu kwamba kwa hiyo nyumba wewe ndiye unasema. Unasema nini, Baba Muindi? Wewe ndiye unapika uji? Wewe ndiye unawafuta kamasi? Hiyo kazi ni ya Nzisa, na ulimpa mtu mwingine ruhusa ya kuifunga ili umkomoe mwanamume ambaye hata hajui kwamba mnashindana.

Wala sisemi kituo kijengwe au kisijengwe. Wapo mtaani kwenu wanaokitaka na wana haki ya kukitaka. Kama ungefikiria, ukaketi na mkeo, ukasema mimi naona tukubali kwa masharti haya na haya, ningekuheshimu. Hata lile wazo lako la kuweka matangi upande wa barabara lilikuwa na akili. Ulilitupa wewe mwenyewe kwa sababu ya neno "mzee wetu."

Na huyo mzee wa kweli je? Amekushika mkono akakuomba umsemee, nawe ukamwambia sawa, ukamsindikiza nyumbani! Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikazunguka meza. Mtu mwenye fimbo anatembea kwenda kanisani peke yake kwa kosa lako, na wewe unanung'unika kwamba Kuria amekuibia nafasi ya kumtetea. Nafasi ilikuwa wazi, bwana. Ilikuwa wazi siku ile, na iko wazi hata asubuhi hii unaposoma.

Halafu kuna jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako bila kuliona. Nzisa alimkatalia Kuria. Huyo Kuria mwenye sauti ya redio na sheria zote za viwanja alitaka kuzungumza, na mkeo akasema hapana, atazungumza mume wangu. Alisema hivyo mbele ya kamati yote. Mwanamke ambaye ameshakuchoka hapeleki koti lako kwa dobi, Baba Muindi, anakuacha ubaki nyumbani ufungue lango. Wewe umepewa hiyo heshima ukaiita mtego.

Sasa nisikilize. Kujifanya mgonjwa hapana. Kumwomba Were aseme amekosea nyumba ndiyo mbaya kuliko zote, maana nyumba iliyobaki ni moja, na mwenyewe unajua ni ya nani.

Leo, watoto wakishachukuliwa na wazazi wao, mwambie Nzisa. Usingojee Ijumaa, na usianze na habari ya Kuria wala ya chapati. Anza na Were alipogonga lango, umwambie ulichosema, maneno yenyewe, pamoja na lile la "mimi ndio nasema." Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo utaje wivu, kwa neno moja, bila kumfanya yeye aombe msamaha kwa kucheka. Atakasirika. Huenda akahamia chumba kingine. Mwache akasirike mpaka amalize, usimfuate ukimwambia na yeye amezidi. Unaogopa hatakutazama tena kama siku ile ukumbini. Labda hatakutazama hivyo kwa muda mrefu. Lakini Were ana jina lako mfukoni, na Jumamosi atalisoma mbele ya mtaa mzima na mkeo akiwa ameketi mbele kabisa. Nzisa atalijua hata ufanyeje. Wewe umebakiwa na uwezo wa kuchagua tu atalisikia kutoka kwa nani.

Ukitoka hapo, kabla giza halijaingia, nenda kwa Mzee Zachariah. Usiende mikono mitupu, beba sukari na majani ya chai kama mtu aliyelelewa vizuri, na usimpe hadithi ndefu. Mwambie ni wewe. Akitaka kukufukuza akufukuze, lango ni lake. Nzisa naye ana maneno yake ya kumwambia mzee huyo, lakini hayo ni yake, usimpangie. Kesho asubuhi uende kwa wale wataalamu wa mazingira uwaambie kwamba neno ulilolitoa umeliondoa, kwamba hukuwa na ruhusa ya mwenye kazi, na kwamba wakitaka maoni ya chekechea wamuulize anayeiendesha.

Kuria sikutumi kwake. Ukikutana naye msalimie, na mkono wako usiuvute haraka.

Jumamosi vaa hilo koti. Simama mapema, kabla Were hajafungua kinywa, useme: jirani wa ukuta aliyekubali ni mimi, si Mzee Zachariah, na nilikubali bila kumuuliza mke wangu. Wanaweza kukuzomea, na utastahili. Usieleze zaidi ya hapo. Usiongeze hotuba uliyoitayarisha, hata kama ni nzuri, hata kama unaona ukumbi umenyamaza na unaweza kuwageuza. Keti. Halafu Nzisa asimame azungumzie watoto wake mwenyewe, maana wewe umeshamsemea vya kutosha.